Babu Marhoun Hapatwi na Baya

Babu yangu Marhoun hajapata kufikwa na jambo baya. Si kwamba mabaya hayaijui nyumba yake. Yanaijua, na njia yanaikumbuka. Lakini yakishafika, Babu huyakaribisha, huyakalisha, huyasemesha, na yakitoka pale yanatoka na jina jengine.

Ukuta wa uani ulipoangukia tangi la maji, alitoka na kikombe chake cha kahawa, akasimama kwenye tope kwa ndara, akasema, "Alhamdulillah. Sasa upepo utaingia." Alipokwenda kung'olewa jino, daktari akang'oa zima akaacha bovu, alirudi nyumbani na pamba mdomoni anacheka upande mmoja. Daktari kaona mbali, akasema, maana lile zima siku moja lingekuja kuoza. Na mimi nilipotolewa skuli nije kukaa na Bibi, alisema skuli zina vumbi na mimi nna kifua. Kifua changu ni kizima. Sijapata hata kukohoa.

Alifanya kazi serikalini mpaka akastaafu, upande wa taa za barabarani. Sasa yuko nyumbani hapa Ibra, Omani, na kazi yake ni kueleza. Anasema mambo yote ya dunia yamefungamana kama viua vya kofia. Kiua ni kile kitundu kidogo kinachozungushiwa uzi, na kofia moja inavyo vingi mpaka macho yanauma. "Ukichomoa uzi wa kiua kimoja kibaya," anasema, "kofia nzima itafumuka. Kwa hivyo kiua kibaya nacho ni kizuri. Dunia ni hivyo hivyo. Vyengine isingewezekana."

"Kiua kibaya kinafumuliwa kikashonwa upya," Bibi humjibu. "Muulize anayeshona."

Anayeshona ni yeye, Bibi Fakhriya. Kofia za mkono alifundishwa na mama yake Unguja, angali mtoto, na wanaume wa hapa huzingojea kama watu wanavyongojea mwezi wa Idi. Babu anaijua elimu yote ya kofia isipokuwa kutia uzi kwenye sindano.

Kuna siku moja, Bibi ananiambia, elimu ile ilikwenda mbali mno. Walikuja wageni, wote watu wa Unguja, wakakaa wanakula halwa na kukumbuka. Babu akasema, "Lakini jamani, tusingefukuzwa kule, leo tungekuwa na nyumba ya eyakondishan kila chumba?" Watu wakacheka kidogo. Bibi akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na babangu je?" Babake aliuliwa katika yale mapinduzi, mlangoni kwake, amevaa nguo ya kulalia. Babu akanywa kahawa, akafikiri, akasema, "Babako alikuwa hapendi joto, mama Hisham. Ibra asingeiweza."

Bibi akaiondoa sahani ya halwa mbele yake akaipeleka jikoni. Kwa muda mrefu baada ya hapo, Babu alikunywa kahawa yake kwa tende.

"Mimi Mungu namridhia," Bibi aliniambia aliponihadithia hayo. "Aliyonipa nimepokea. Lakini huyu babu yako anavyonieleza, utasema alikuwepo yalipokuwa yanapangwa, na yeye ndiye aliyewatilia kahawa."

Basi macho ya Bibi yakaanza kuingia moshi. Hakusema. Mimi niliona kwa kofia. Ua la mbele lilianza kwenda pembeni, kidogo kidogo, kofia hii mpaka kofia ile, na mwisho likafika nyuma ya sikio. Watu waliozipokea walishukuru, wakazikunja, wakazitia kabatini. Babu peke yake aliivaa yake. Alikwenda nayo sala ya Ijumaa, na watu safu nzima ya nyuma yake, nadhani, hawakujua walisali rakaa ngapi.

"Wenzangu wote vichwa vyao vinafanana," alirudi akisema. "Mimi sasa wananijua hata kwa nyuma."

"Ina nini?" Bibi akauliza.

"Haina kitu. Nzuri sana."

Bibi akaichukua, akaipapasa kwa vidole pole pole, akafika lilipo ua. Akaiweka chini. Kesho yake akaniambia nimpeleke kwa daktari.

Daktari wa hapa alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limeshakomaa. Apelekwe Nizwa akapasuliwe, na asikawie, maana likizidi kuwa gumu kupasua kwake kuna hatari, na huenda jicho likapotea kabisa. Bibi alisikiliza huku amekunja mikono. Aliuliza swali moja tu: "Nitashona?" Daktari akasema, "Ukiwahi, utashona."

Jioni yake Babu aliyapokea maneno hayo kama alivyoupokea ukuta.

"Kwani siku hizi kuna nini cha kutazama?" akasema. "Mama Hisham, umetunzwa. Watu wanatamani wasione."

"Nataka kuona uso wa Maram." Maram ni mimi.

"Uso wa Maram unaujua. Hauna jipya."

"Na sindano?"

"Vidole vyako vina macho."

"Haya, na wewe endesha gari kwa vidole," Bibi akasema. "Utanipeleka Nizwa au hunipeleki?"

"Nitakupeleka! Nani kasema sikupeleki?"

Na kweli hakukataa. Mtu angekataa ungejua la kufanya. Mwana wao Hisham, anayefanya kazi Salala, alipiga simu akitaka kuomba ruhusa aje amchukue mamake. Babu akamwambia asijisumbue, mambo yameshajipanga yenyewe. Jirani mmoja alijitolea naye akaambiwa vivyo hivyo. Basi Bibi akawa na dereva mmoja tu, na dereva huyo kila akionacho njiani anakiona kizuri.

Miadi ya kwanza tuliikosa kwa mvua. Mto wetu mkavu ulishuka maji, maji ya kumlowesha mbuzi magoti. Babu alisimamisha gari ukingoni, akayatazama kwa mahaba.

"Ishara hiyo," akasema. "Pengine daktari leo mkono unamtetemeka. Tungekwenda akakutoboa vibaya. Subhanallah, tumeepushwa."

Bibi, kiti cha nyuma, akainua kichwa. "Maram, hizo nazosikia ni gari zinavuka?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nyingi?"

"Na pikipiki moja."

"Hao ni watu wasiosoma ishara," Babu akasema, akageuza gari.

Miadi ya pili tulifika Sinaw. Njia ya Nizwa inapita pale, na Sinaw kulikuwa na matanga ya ndugu wa mzee mmoja, Hood, aliyewahi kufanya kazi na Babu. Ndugu huyo alianguka kutoka juu ya mtende akiupandikiza maua ya dume, akafa. Babu akasema hatuwezi kupita mlango wa mfiwa tusiingie, ni aibu, tutakunywa kikombe kimoja tu. Sasa, kikombe cha mtu wa Sinaw hakiishi. Usipokitikisa kwa vidole kuonyesha umetosheka, wanakitia tena, na tena, na mwenye kukitikisa anatakiwa ainuke akaage. Babu alijua hayo tangu alipofika nchi hii. Hakukitikisa. Hakukitikisa kwa sababu alikuwa ameshaanza kueleza.

Wanaume walikuwa hemani, sisi wanawake tulikuwa ndani, na dirisha letu lilikuwa linatazama hema. Nilimsikia.

"Usihuzunike, Hood," Babu alikuwa anasema. "Tazama vizuri. Ndugu yako kafa juu ya mtende, kwenye kazi yake, kwenye hewa safi. Angeshuka salama angekufa baadaye kwa sukari, wamemkata mguu. Na mtende wenyewe ulikuwa mrefu. Mfupi ungemvunja tu, akabaki anateseka. Unaona ulivyokadiriwa urefu wake?"

Watu wakatazama mikeka. Hood, mtu mzima, ndevu nyeupe, alisimama akaja mpaka mbele ya Babu.

"Marhoun, nikikupiga kibao hapa mbele ya watu, hiyo nayo ni kheri?"

Babu hakurudi nyuma. Kwa hilo namheshimu. "Haiwezi kuwa vyengine," akasema.

Hood akampiga. Kofia, ile ile yenye ua la nyuma, iliruka ikaingia kwenye sinia la tende. Watu wakainuka, huyu anamshika Hood, yule anamshika Babu, wote wanalia astaghfirullah. Babu alishika shavu lake akatabasamu, machozi yanamtoka. "Mmeona? Kutwa nzima hajaweza kulia. Sasa analia."

Ni kweli, Hood alikuwa analia. Na kwa kuwa alimpiga mgeni ndani ya matanga, na hilo kule ni jambo kubwa, ilibidi suluhu, na suluhu ilibidi mbuzi, na mbuzi ilibidi achinjwe, apikwe, aliwe. Mtu hawezi kuondoka suluhu ikiwa jikoni. Bibi alikaa ndani na wanawake, mkoba wake wa hospitali mapajani, anasikia kisu kinanolewa.

"Wamemchinja?" aliniuliza.

"Wanamchinja sasa hivi."

"Basi leo hatufiki," akasema, akaulegeza ushungi wake.

Kule nyumbani alinitaka nipige simu hospitali. Wakasema nafasi moja ipo, Alkhamisi ya mwezi ule ule, asubuhi. Asipofika tena jina lake linarudi mwisho wa foleni, na foleni ni ndefu. Nilimrudishia maneno hayo kama nilivyoyapokea. Alikuwa ameshika kitambaa cha kofia mpya, anakigeuza huku na huku, hajui upi upande wa juu.

"Jicho langu haliwezi foleni nyengine," akasema. Hakumwambia Babu. Alikuwa ananiambia mimi, au kitambaa.

Alkhamisi hiyo hakukuwa na mvua wala maiti. Tulipita Sinaw salama, Bibi amemkataza Babu hata kupunguza mwendo. Ila rejeta ya gari ilikuwa inavuja tangu zamani, na Babu hakuipeleka kwa fundi, alisema gari inayovuja ni gari inayopumua. Tulipofika Firq, mahala penye magereji, Nizwa iko hapo hapo mbele, gari ikapumua yote kwa mara moja. Moshi mweupe ukatufunika. Tuliisukuma mimi, Babu, na vijana wawili wa Kibangali mpaka gereji ya karibu, Bibi kakaa ndani ameshika mkoba.

Fundi alifungua boneti akasema kazi hiyo ni ya mpaka mchana. Babu akauliza kama kuna chai. Kulikuwa na chai. Akakalia tairi, akakunja mguu.

"Mtu mwengine angekasirika," akamwambia fundi. "Lakini tazama: rejeta imepasuka wapi? Mbele ya gereji! Haikupasuka jangwani. Na kwa nini imepasuka? Ili wewe upate riziki. Na wewe kwa nini ulitoka kwenu, ukawaacha mkeo na wanao? Ili uwepo hapa leo rejeta ikipasuka."

Fundi, ambaye miaka mingi hakuwaona wanawe, alimtazama, halafu akaitazama spana aliyokuwa nayo mkononi. Akaingia chini ya gari nyengine.

Pale gereji alikuwepo mwanamke mmoja wa kibedui, amevaa barakoa yao ya kitambaa, anangojea tairi la pikapu yake lizibwe. Nyuma ya pikapu mbuzi walijaa wanasukumana, maana kesho ni Ijumaa, siku ya mnada wa mbuzi Nizwa. Alimsikiliza Babu mwanzo hadi mwisho. Kisha akaja dirishani kwetu, akamwuliza Bibi kwa Kiarabu, "Mama, huyu mzee ni mgonjwa?"

"Hapana, mwanangu," Bibi akasema. "Mgonjwa ni mimi. Yeye ana furaha."

"Unakwenda wapi?"

"Hospitali. Napasuliwa jicho. Wananingojea sasa hivi, na nikikosa leo nakosa."

"Mimi Wadha, natoka Al Mintirib. Tairi langu tayari. Mbuzi wananuka."

"Simwoni hata mmoja," Bibi akasema, akafungua mlango.

Babu aliona tunashuka, akainuka na kikombe chake. "Mama Hisham! Unakwenda wapi na mtu humjui? Kaa. Mambo yasifanyiwe haraka. Kuchelewa huku labda kuna..."

"Labda," Bibi akasema. Nilikuwa nimemshika mkono. "Basi wewe ngojea ukijue ni nini. Kitakapotokea utanieleza. Maram, mlango wa gari uko wapi?"

Tukapanda mbele watatu. Babu alibaki kasimama na chai yake, mdomo wazi. Ni mara ya kwanza kumwona amefungua mdomo na neno halijatoka.

Wadha aliendesha kama anakimbizwa. Kwenye mzunguko mbuzi wote walihamia upande mmoja na pikapu ikainama, Bibi akacheka. Tulifika nesi anaita majina. Bibi akasema "Naam!" kabla hatujamfikisha mlangoni, kwa sauti ya skuli, wakamchukua wakaingia naye ndani. Mimi nikakaa. Wadha angeweza kwenda zake, lakini alikaa na mimi. Askari wa geti alikuja kuuliza mbuzi walioko maegeshoni ni wa mgonjwa gani.

"Wa jicho," Wadha akamjibu, askari akaondoka.

Walipomtoa, jicho la kulia limefunikwa plasta, daktari alisema limetoka vizuri, ila lilikuwa gumu kweli. Bibi angekawia kidogo tu, yeye asingeligusa. Bibi aliitikia kwa kichwa. Alitafuta mkono wangu akaushika kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza, na ndipo nikajua alivyokuwa ameogopa.

Babu alifika mchana, fundi mwenyewe kamleta. Aliingia amejipanga.

"Umeona, mama Hisham? Umeona mwenyewe sasa? Rejeta isingepasuka, usingekutana na Wadha. Wadha asingekuwahisha. Mimi ningekuendesha pole pole, ukachelewa, ukakosa! Kwa hivyo ile rejeta kutoitengeneza, nilichofanya mimi, ndicho kilichokuokolea jicho."

Wadha alimtazama Bibi. Mimi nilitazama chini. Ubaya wa Babu ndio huo, humshindi. Ukimwonyesha shimo aliloangukia, anakuonyesha kivuli kizuri kilichomo.

"Umesema kweli, baba Hisham," Bibi akasema, pole pole. "Wewe usipokuwepo mimi nafika. Jicho la pili ni mwezi ujao. Nitakwenda na Wadha."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa nyumbani. Ndiyo kheri yangu."

Babu akamtazama. Akanitazama mimi. Alitaka kukaa, akaona kiti kina mkoba, akabaki kasimama.

"Hiyo si sawa," akasema.

Sikuamini. Nimeishi na mtu huyu, nimemwona ukuta unaanguka, jino linang'oka, kibao kinaingia, na neno hilo sijapata kulisikia kwake.

"Ati nini?" Bibi akauliza.

"Nasema si sawa! Mimi mumeo. Mtu anaachwa gereji kama tairi, na watu wanamtazama! Ile chai yenyewe ilikuwa baridi!"

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka plasta ikatetemeka, na nesi akaja mbio akimwambia, "Mama, usicheke, jicho!" na yeye akajibana mdomo kwa ushungi, mabega yanaruka. Babu hakuona kinachochekesha. Njia nzima ya kurudi hakueleza kitu.

Plasta ilipotoka, Bibi aliuchukua uso wangu kwa mikono miwili akautazama kwa jicho moja, muda mrefu. "Umekonda," akasema. "Na hakuna aliyeniambia." Kisha akamwita Babu, akaitaka kofia aliyovaa, akaenda nayo dirishani. Akaanza kuifumua.

Mwezi uliofuata Wadha alikuja alfajiri kama alivyoahidi, tena siku ya Alkhamisi, tena na mbuzi. Bibi na mimi tukapanda mbele. Babu alikuwa getini tangu adhana, kanzu safi, birika la kahawa mkononi.

"Mimi nakwenda," akamwambia Wadha.

"Mbele pamejaa, mzee."

"Nyuma je?"

"Nyuma mbuzi."

Babu akawatazama mbuzi. Nilidhani atageuka. Akakamata ubao, akajitupa juu, birika kwanza, mguu baadaye, na mbuzi wakamfungulia nafasi. Bibi alikunja uso, akatazama mbele, lakini hakumwambia Wadha amshushe.

Tulikwenda. Jua lilipanda. Baada ya Sinaw nikageuka kutazama kupitia kioo cha nyuma. Babu alikuwa ameegemea pembe ya pikapu, mbuzi wamemzunguka, wote wa mnada, na mkono wake mmoja uko juu unahesabu hoja kwa vidole.

"Anafanya nini?" Bibi akauliza.

"Anazungumza."

"Na nani? Huko nyuma kuna mbuzi tu."

"Nao ndio."

Bibi alifikiri kidogo. "Wanamsikiliza?"

"Wanamsikiliza, Bibi. Ila mmoja anamtafuna mkono wa kanzu."

"Muache," akasema Bibi, akajivuta ushungi, na Wadha akatia gia.